Homoni za mama ziko sawa ila sindano inasema akatwe, homoni za mdogo wangu mbaya ila sindano safi. Je, majibu yamebadilishwa?

BintiMakete

Habari zenu wakuu, na wakubwa shikamooni. Naomba mwenye ujuzi wa tezi ya shingo anisomee majibu haya, maana familia imegawanyika na tarehe ya upasuaji wa mama imeshapangwa.

Sisi ni watu wa Makete. Kwetu rovu si jambo la ajabu, bibi alizeeka nalo na hakuna aliyewahi kulipima. Mama ana miaka 58 na ana uvimbe shingoni upande wa kulia tangu sisi tukiwa wadogo. Haukuwa unamsumbua, ila tangu mwaka jana unakua, na akimeza tonge anasema linapita kwa shida. Mdogo wangu wa kike, miaka 31, yeye shingo imejaa pande zote mbili. Anaamka amechoka, anavaa sweta mchana wa Dar es Salaam, nywele zinakatika, na siku zake zimekuwa nzito mno. Ameolewa, wanatafuta mtoto. Nikawachukua wote wawili nikawapeleka hospitali. Walitolewa damu, wakapigwa altrasaundi, baadaye wakachomwa sindano ya shingoni ya kuchukua seli, ile FNA.

Mama: TSH (homoni inayoiamuru tezi) 2.1, FT4 (homoni ya tezi yenyewe) 15.3. Altrasaundi: kinundu kimoja kigumu kulia, sm 3.4. FNA: Bethesda IV, uvimbe wa seli za folikoli. Daktari anasema nusu ya tezi itolewe.

Mdogo wangu: TSH 14.6, FT4 9.2 (kawaida kwenye karatasi yao ni 12 hadi 22). Altrasaundi: tezi yote imevimba, kuna kinundu cha sm 1.2 kushoto. FNA: Bethesda II, limfosaiti nyingi, inaendana na Hashimoto, ugonjwa wa kinga kuishambulia tezi. Daktari anasema hakuna kukata, ni vidonge tu.

Kaka yetu mkubwa amegoma kabisa. Anasema haiwezekani mwenye homoni nzuri ndiye akatwe na mwenye homoni mbaya ndiye aambiwe yuko salama, kwa hiyo karatasi zimebadilishwa. Mjomba naye kaongeza kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unaamka. Mama anasema haendi popote mpaka apatikane mtu wa kumweleza akaelewa. Mimi ndiye niliyewapeleka, kwa hiyo wote wananitazama mimi.

Kaka_Temeke

Pole sana dada. Mama yangu mkubwa homoni zake zilikuwa kawaida kila alipopima, na bado alikutwa na saratani ya tezi. Alitolewa tezi yote, akapelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road kunywa iodini ya mionzi, na leo yupo anauza vitenge vyake kama kawaida. Usimwache mama nyumbani kwa sababu TSH imekuja nzuri. Hilo la karatasi kubadilishwa sina uwezo wa kulisemea.

MamaWawili_Arusha

Mimi ningerudia kila kitu upya hospitali nyingine, damu na sindano, wote wawili. Shingo si mahali pa kubahatisha.

Msoma_Slaidi

Dada, pole kwa kuuguza watu wawili kwa mpigo. Kazi yangu ni kusoma slaidi za sindano kwenye maabara ya patholojia, na hali kama ya nyumbani kwenu inatufikia mara nyingi. Niruhusu niandike kirefu.

Naanza na swali la kaka yako kwa sababu ni swali halali. Karatasi huweza kubadilishwa popote pale duniani, na mtu akiuliza asionekane mkorofi. Ila kuna njia ya kuhakiki bila kumchoma mtu tena. Chukua majibu ya FNA ya kila mmoja utazame umri, tarehe, namba ya maabara na upande uliochomwa. Mama ni kulia, mdogo wako ni kushoto, hilo peke yake linasaidia sana. Kisha mwombe daktari aulize maabara kama namba iliyoandikwa kwenye vioo vyenyewe, yaani slaidi zilizopakwa seli, ni ile ile ya kwenye karatasi. Vioo huhifadhiwa, havitupwi. Mkitaka macho mengine yasome, viombeni vioo hivyo hivyo vipelekwe kwa mwanapatholojia mwingine. Mama Wawili amesema jambo la maana kuhusu kupata maoni ya pili, ila si lazima shingo ichomwe upya ili kuyapata.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko namba. Sindano ya mdogo wako imekutana na limfosaiti, yaani askari wa kinga ya mwili, wakiwa wamejazana ndani ya tezi. Damu yake, iliyotolewa siku nyingine na kupimwa na mashine isiyojua lolote kuhusu sindano, inasema tezi imeshindwa kutoa homoni ya kutosha. Na mwili wake unasema sweta, uchovu, nywele, hedhi nzito. Vyote vitatu vinaelekea mahali pamoja. Ugonjwa huo una jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912. Kinga ya mwili inaishambulia tezi taratibu, tezi inavimba, kisha inachoka. Sasa jaribu kubadilisha karatasi kama anavyosema kaka: limfosaiti ziende kwa mama ambaye damu yake haina shida yoyote, na mdogo wako abaki na tezi iliyoshindwa kazi bila sababu inayoonekana. Hadithi inavunjika. Kwa mpangilio uliopo sasa, inakaa.

Tuje kwa mama, maana hapo ndipo penye uzito.

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, na ndiyo inayoiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Homoni za tezi zikipungua, TSH inapanda. Zikizidi, TSH inashuka. Kwa maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kama 0.4 hadi 4.0. Kwa hiyo TSH ya mama ya 2.1 inajibu swali moja tu: je, tezi yake kwa ujumla wake inatoa homoni kiasi cha kutosha? Jibu ni ndiyo. Haijaulizwa kinundu cha kulia kimeundwa na seli gani, na haina namna ya kujua. Nusu ya kushoto na sehemu ya kulia isiyo na kinundu zinaendelea na kazi yake, damu inatoka nzuri, na kinundu kinaendelea na mambo yake. Wagonjwa walio wengi wa saratani ya tezi ya shingo hukutwa na homoni za kawaida kabisa. Alichosimulia Kaka Temeke ndicho tunachokiona kila siku, na kwa kweli ningeomba watu walishike hili kuliko lolote nitakaloandika hapa: homoni nzuri haimwondolei mtu haja ya sindano.

Bethesda ni mfumo wa kuandika majibu ya sindano ya tezi hii, una ngazi sita, na jina linatokana na mji wa Marekani ambako wataalamu walikutana mwaka 2007. Toleo la tatu limetoka 2023. Ngazi ya I maana yake seli hazikutosha kusomwa. II si saratani. III ina mashaka madogo, IV ni hiyo ya mama, V inashukiwa sana, VI ni saratani. Kwa toleo hilo la 2023, wastani wa uwezekano wa saratani kwa ngazi ya II ni asilimia 4, kwa IV ni asilimia 30, kwa VI ni asilimia 97. Mwambie mama hiyo 30 kama ilivyo, na mwambie na upande wake wa pili: katika watu kumi wenye jibu kama lake, takriban saba hukutwa hawana saratani.

Atauliza, basi kwa nini nikatwe ili mjue? Kwa sababu sindano ina mpaka wake. Mnaolima na kuuza mahindi mnalijua bambo, lile la kuchoma gunia kuangalia nafaka iliyomo. Bambo litakuambia mahindi ni ya aina gani, lakini halitakuambia kama gunia limetoboka upande wa nyuma. Uvimbe wa folikoli (vijifuko vya tezi vinavyotengeneza homoni) usio saratani na ule ulio saratani vina seli zinazofanana mno. Tofauti ni kama seli zimepenya ganda la kinundu au zimeingia kwenye mishipa ya damu, na ganda lile linaonekana likitolewa zima na kukatwa vipande vyembamba chini ya hadubini. Ndiyo maana daktari amesema nusu, hakusema yote. Ni upasuaji wa matibabu na wa uchunguzi kwa pamoja. Nami naona ushauri wake ni sahihi, hasa kwa kinundu cha sm 3.4 kinachokua na kuziba chakula. Tena nyanda zenu za juu mvua huosha iodini kutoka kwenye udongo, na sehemu zenye upungufu wa iodini saratani ya aina ya folikoli huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko sehemu zenye iodini ya kutosha. Sisemi mama anayo. Nasema jibu la namna hii, kwa mtu wa Makete, lisiachwe.

Na mjomba aelezwe kwa heshima: sindano inayotumika kwenye FNA ni nyembamba kuliko ile ya kutolea damu, mara nyingi geji 25 au hata 27. Saratani ya tezi kusambaa kwa sababu ya sindano hiyo ni jambo la nadra sana. Wanaoonekana "kuamshwa na chuma" wengi wao ni watu waliofika hospitali wakiwa wamechelewa.

Tabibu_Wilayani

Mkuu Msoma Slaidi, ahsante. Naomba nipanue kidogo kwa faida yetu tulio pembeni. Nina mama wa miaka 60 ana vinundu vingi shingoni, anatetemeka mikono, moyo unakimbia, amekonda. TSH yake iko chini ya 0.01. Hapa kuna mtu anayeweza kuchoma sindano lakini mashine ya skani hatuna. Tuchome tupeleke, au?

Msoma_Slaidi

Tabibu, subirini. TSH ikiwa chini, njia inabadilika, na ndiyo sababu TSH hupimwa kabla ya sindano. Huyo mama huenda ana kinundu kinachojitengenezea homoni chenyewe bila kusubiri amri. Cha namna hiyo ni nadra kuwa saratani, lakini kikichomwa kinatoa seli nyingi za folikoli zilizojipanga kwa namna inayofanana na ngazi ya IV. Mtu anaishia kuandikiwa jibu la kutisha ambalo lisingehitajika. Kinachostahili kwanza ni skani ya tezi, ile ya kumpa mgonjwa dawa yenye mionzi kidogo kuona inavutwa wapi. Ocean Road wanazo huduma za tiba ya nyuklia, mpeni rufaa. Kinundu kinachovuta dawa kuliko sehemu nyingine hakihitaji sindano kwa kawaida. Kisichovuta, na altrasaundi inakitilia shaka, hicho ndicho kichomwe. Wakati anasubiri, moyo wake usisubiri, mnajua dawa za kuutuliza.

Kwa kuwa umejitokeza wewe unayejaza fomu, naomba nikuombe jambo kwa niaba ya wote wanaosoma vioo. Fomu nyingi zinatufikia zimeandikwa "uvimbe shingoni, FNA" basi. Tuandikieni TSH. Tuandikieni kinga zinazoishambulia tezi, anti-TPO, kama zimepimwa. Andikeni kama mgonjwa anameza kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za tezi, na tangu lini, au kama aliwahi kunywa iodini ya mionzi, kwa sababu matibabu hayo yanaweza kuvifanya viini vya seli viwe vikubwa na vyenye sura mbaya, na asiyejua anaweza kuita saratani. Hashimoto nayo inatupa shida yake: seli za folikoli zinavimba na kubadilika rangi, na sindano ikiangukia mahali penye seli hizo peke yake bila limfosaiti, zinafanana na uvimbe wa ngazi ya IV. Nikisoma kwenye fomu kwamba TSH ni 14 na anti-TPO iko juu, natafuta limfosaiti kwa bidii kwenye kila kioo kabla ya kusema neno "uvimbe". Mstari mmoja wa fomu unaweza kumwepusha mtu na kisu. Hili linaniuma kweli, kwa sababu mara nyingi damu huwa imeshapimwa na majibu yako kwenye faili la mgonjwa, kwenye jengo hilo hilo.

MamaWawili_Arusha

Nimesoma mahali kwamba TSH ikiwa juu saratani inakuwa na nafasi zaidi. Sasa huyu mdogo mwenye 14.6 mbona anaambiwa yuko salama?

Msoma_Slaidi

Umesoma sawasawa. Kuna utafiti wa Birmingham, Uingereza, uliochapishwa 2006, uliofuatilia wagonjwa 1,500 waliochomwa sindano ya tezi, na kadiri TSH ilivyokuwa juu ndivyo saratani ilivyopatikana zaidi, hata ndani ya viwango vya kawaida. Ila hiyo ni hesabu ya kundi. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako, TSH inakuongezea umakini, haitoi hukumu. Kwa mdogo wake Binti, kinundu kimechomwa, seli zimetosha, na kinachoonekana ni uvimbe unaotokana na kinga kuishambulia tezi. Na TSH yake ina maelezo tayari. Kinachotakiwa ni kinundu hicho cha sm 1.2 kisisahaulike: arudie altrasaundi baada ya mwaka mmoja au miwili kadiri daktari wake atakavyoona kwenye picha ya kwanza, na kikikua au kubadilika sura kichomwe tena.

BintiMakete

Ahsanteni sana, nimemsomea mama yote neno kwa neno. La bambo amelielewa papo hapo, na amemwelezea kaka mwenyewe kwa simu. Nimehakiki karatasi, upande na umri vinaendana, namba za vioo daktari ameahidi kuniulizia.

Maswali mawili ya mwisho. Mdogo wangu alikuwa anameza vidonge vya nywele na kucha, nimesoma kopo limeandikwa bayotini (aina ya vitamini), mikrogramu 10,000 kwa siku. Je, vimeharibu sindano? Na mama, kwa kuwa anakwenda kukatwa, aanze naye vidonge vya homoni mapema?

Msoma_Slaidi

Sindano haijaguswa kabisa, bayotini haibadilishi seli. Kinachoweza kudanganywa ni mashine ya damu. Baadhi ya mashine hutumia bayotini ndani ya kemikali zake, na ya kopo ikiwa nyingi mwilini inaweza kuishusha TSH na kuipandisha FT4 kwa uongo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya hilo mwaka 2017. Kwa mdogo wako maana yake ni hii: udanganyifu ungeelekea upande wa kuficha ugonjwa, na bado TSH imekuja 14.6. Hashimoto yake haitenguki, huenda hata hali halisi ni nzito kuliko inavyosomeka. Aache bayotini angalau siku mbili kabla ya kila kipimo, na kwa dozi kubwa hiyo mimi ningeacha mapema zaidi. Tena amwambie mchukua damu. Nywele zake zina nafasi nzuri ya kutulia tezi ikitibiwa.

Vidonge vyake vya homoni ya tezi, levothairoksini, avimeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Kama anameza vidonge vya damu kwa ajili ya hedhi nzito, au vya kalsiamu, vipishane na hivi kwa muda wa saa nne. Madini ya chuma hushikana na dawa hii tumboni isiingie, na wanawake wengi hupandishiwa dozi bure kwa sababu hakuna aliyewauliza hilo. TSH irudiwe baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla, kwa kuwa inachelewa kufuata mabadiliko. Na kwa kuwa wanatafuta mtoto, amwambie daktari waziwazi. Wengi hupenda TSH ishuke chini ya 2.5 kabla ya mimba, na akishika mimba asingoje kliniki ya kwanza, dozi huwa inahitaji kuongezwa mapema sana.

Mama asianze vidonge. Tezi yake inafanya kazi, havina la kumsaidia. Baada ya upasuaji apime TSH kama wiki 6 baadaye. Watu wengi nusu iliyobaki huwatosha, wengine ndipo huanza vidonge. Siku ya upasuaji hakikisheni kinundu kinapelekwa patholojia kizima, na kwenye fomu yake daktari aandike: FNA Bethesda IV, kulia, TSH 2.1. Umwombe akuonyeshe fomu hiyo kabla haijaondoka.